Appenzell, Mwaka Mpya wa Pili

Katika bonde la Urnäsch, kaskazini mashariki mwa Uswisi, watu huuaga mwaka mara mbili. Mara ya kwanza ni tarehe 31 Desemba, pamoja na dunia nzima. Mara ya pili ni tarehe 13 Januari, wao peke yao. Kisa chake ni ugomvi wa dini. Papa Gregori wa 13 alipotangaza kalenda mpya mwaka 1582, Waprotestanti wa vilima hivi walikataa kupangiwa siku na Roma. Waliishikilia kalenda ya zamani hadi mwaka 1798, dola mpya ilipowalazimisha kuiacha. Kalenda ikabadilika, sherehe ikagoma.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya hiyo sherehe ya Januari, ya kengele na vinyago. Binamu yangu ameolewa Herisau, na mumewe ni mzaliwa wa Urnäsch. Kwa miaka mingi shemeji huyo amekuwa akinitania kwamba Uswisi niijuayo mimi ni ya saa, benki na chokoleti. Safari hii akasema, "Shemeji, kabla hujaona kengele zikipigwa, ukawaone kwanza wanaozitengenezea mikanda." Ndiyo maana tukazunguka.

St. Gallen

Wageni wote huanzia kwenye maktaba ya monasteri, nasi hatukuona sababu ya kujitenga. Mji huu ulitokana na mtawa Gallus aliyejenga kibanda chake bondeni yapata mwaka 612. Monasteri iliyoanzishwa mwaka 719 mahali hapo ndiyo iliyoacha hazina ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kabla ya mwaka 1000. Mlangoni unavalishwa makubazi makubwa ya kitambaa kizito juu ya viatu vyako, ili usiikwaruze sakafu ya mbao. Basi watu wazima wenye heshima zao wanateleza kama watoto, huku dari lililochorwa likiwatazama.

Lakini utajiri wa mji huu ulitoka kwenye sindano. Kuelekea mwaka 1910 zaidi ya nusu ya tarizi zote zilizouzwa duniani zilitoka St. Gallen na vijiji vinavyouzunguka, na hakuna bidhaa nyingine ya Uswisi iliyoingiza fedha nyingi kuliko hiyo kutoka nje. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, mitindo ya mavazi ikageuka, na mashine zikavunjwa kuwa vyuma chakavu. Viwanda vichache vilivyobaki vinauza mbali sana. Lesi nzito ambazo wanawake wa Lagos walianza kuzivaa harusini tangu miaka ya 1960 zilitoka kwa sehemu kubwa huku na ng'ambo ya mpaka, Austria. Hata vazi la manjano alilovaa Michelle Obama siku mumewe alipoapishwa mwaka 2009 lilishonwa kwa lesi ya St. Gallen.

Katika makumbusho ya nguo nilifungua droo baada ya droo ya sampuli: maua, majani, mabawa ya vipepeo, vyote vya uzi mweupe. Ni kazi ya kustaajabisha. Kisha tukatoka barabarani, na katika umati wote ule wa makoti meusi sikumwona hata mtu mmoja aliyevaa lesi.

Appenzell

Treni nyekundu inapanda taratibu, na mji unaachia nafasi vilima vya mviringo. Hapa si pale pa picha za Alps zenye vilele vikali kila upande. Vilima ni vya kijani wakati wa kiangazi, vyeupe tulipofika sisi, na kila kimoja kimebeba nyumba moja ya mbao iliyosimama peke yake, madirisha yake yakitazama jua. Hakuna uzio wa kuvutia macho, hakuna shamba la mahindi. Ni nyasi tu, na nyasi hiyo ni ya ng'ombe. Nyuma ya yote umesimama mlima Säntis, mita 2,502, nao ndio unaowaambia wenyeji kama kesho kuna theluji.

Nchi hii ilijiunga na shirikisho la Uswisi mwaka 1513, ikiwa mwanachama wa 13. Mwaka 1597 ikagawanyika vipande viwili kwa sababu ya dini: Innerrhoden ya Wakatoliki, ambayo mji wake mkuu ni huu wa Appenzell, na Ausserrhoden ya Waprotestanti, wanaosherehekea Januari. Shemeji ni wa Ausserrhoden. Tulipovuka mpaka alishusha sauti na kunitahadharisha kwamba tunaingia ugenini. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Barabara kuu ya Appenzell ina nyumba za mbao zilizopakwa rangi za kila namna, na mabango ya chuma yaliyosanifiwa yakining'inia juu ya milango ya migahawa. Mwisho wake ni uwanja ambako raia wa Innerrhoden hukutana Jumapili ya mwisho ya Aprili kuchagua viongozi na kupitisha sheria kwa kuinua mikono. Mwanaume huja na upanga kiunoni, mara nyingi wa kurithi, na upanga huo ndio kitambulisho chake cha mpiga kura. Wanawake hawakuwa na upanga wala kura. Wanaume walikuwa wakiulizwa kama wake zao waruhusiwe, nao wakakataa kwa mikono ileile, mpaka Mahakama ya Shirikisho ilipowaamuru tarehe 27 Novemba 1990. Anayesifu mila za hapa na asiitaje tarehe hiyo anakuuzia nusu ya habari.

Asubuhi iliyofuata tukaenda kwa fundi wa ngozi, yule aliyekuwa akizungumziwa tangu mwanzo. Karakana yake ni chumba kimoja kinachonuka ngozi na nta. Fundi ni mzee, ana kipuli kidogo cha dhahabu sikio la kulia chenye umbo la kijiko cha kuengulia malai. Ni alama ya wafugaji wa huku, si urembo wa kizazi kipya. Aliinua kichwa, akatusalimu, akarudi kwenye kazi yake.

Alikuwa akimtengeneza ng'ombe wa shaba ya manjano, mdogo kuliko kidole gumba changu. Umbo alikuwa ameshalikata. Sasa alikuwa ameliegemeza juu ya kipande kizito cha chuma, na mkono wa kushoto umeshika vyuma vyembamba ambavyo kila kimoja kina ncha yake: kimoja cha kuchora jicho, kimoja cha mikunjo ya shingo, kimoja cha vinyweleo vya mkia. Nyundo ni ndogo, na pigo ni jepesi mno, tak-tak, tak-tak, kisha anageuza ng'ombe kwa ukucha na kuendelea. Kengele ya shingoni ilitokea kwa mapigo manne. Alipomaliza alimweka kwenye mkanda mweusi wa ngozi pamoja na wenzake, wote wakielekea upande mmoja, mbele yao mbuzi, na nyuma mbwa.

"Wanakwenda wapi, mzee?" nikauliza.

"Mlimani," akasema, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

Msafara ule wa shaba ndio ramani ya mila zao. Mwanzoni mwa kiangazi wafugaji hupandisha mifugo malishoni juu, na mwishoni huiteremsha, na hakuna anayefanya hivyo kimyakimya. Mbele hutangulia mbuzi weupe, wakiongozwa na watoto waliovaa mavazi rasmi. Nyuma yao mfugaji mkuu, suruali ya manjano, kizibao chekundu kilichodariziwa, na bega la kushoto limebeba ndoo ya mbao. Kisha ng'ombe watatu waliochaguliwa, kila mmoja na kengele kubwa ya sauti tofauti, zimepangwa ili zikilia pamoja zipatane. Ndipo linakuja kundi lote. Mwisho ni mwenye mali na mbwa wake, na nyuma kabisa gari la farasi lenye vyombo vya kutengenezea jibini.

Ile ndoo inastahili maneno yake. Fundi wa ndoo huunganisha vipande vya mbao nyeupe bila msumari wala gundi, kisha huvifunga kwa ukanda wa mbao uliokunjwa na kujifungia wenyewe kwa meno yaliyochongwa ncha zake. Chini ya kitako huingizwa ubao wa mviringo uliochorwa mfugaji na ng'ombe wake, pamoja na jina la mwenye ndoo na mwaka. Inabebwa begani ili watu wanaotazama waone mchoro. Kazi hiyo ya uchoraji iliwatoa mafundi wakubwa, kama Bartholomäus Lämmler (1809–1865), ambao leo michoro yao imo kwenye majumba ya makumbusho. Waliichora kwa ajili ya wafugaji, kwenye samani na vyombo vyao, na ng'ombe aliyekosewa madoa hangesamehewa.

Sasa fikiria: ndoo ile haibebi maziwa. Maziwa yanasafiri kwa mabomba na madebe ya chuma. Ndoo inabeba mchoro wake tu, mara mbili kwa mwaka, na kwa ajili hiyo tu fundi wa ndoo bado ana kazi, na mchoraji bado ana kazi.

Nilimuuliza fundi wa ngozi kuhusu watalii. Alisema wanakuja, wananunua vishikizo vya funguo, na wengi wananunua mikanda ya mbwa. Haoni ubaya, inalipa kodi ya karakana. Ila mikanda ya kengele na ile ya begani ya wafugaji ndiyo kazi, na mfugaji akipewa mkanda wenye ng'ombe asiye na sura ya ng'ombe wake, anaurudisha. Nilikumbuka Mwenge, Dar es Salaam, ambako mchongaji hukuuliza unataka simba au twiga. Anakuuliza wewe kwa kuwa nyumbani kwake hakuna anayemhitaji yeyote kati yao.

Tarizi ya mkono ya Appenzell tuliiona jioni, kwa mama mmoja mzee aliyeinamia dirisha apate mwanga wa mwisho. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ua dogo ambalo unaliona kwa kivuli chake tu. Zamani karibu kila nyumba ya Innerrhoden ilikuwa na mwanamke aliyedarizi kwa malipo ya wafanyabiashara, na baadhi yao walisafirishwa hadi miji ya starehe ya Ulaya wakadarizi mbele ya wageni. Mama huyu hana mwanafunzi. Hankachifu moja inamla wiki nyingi, alisema, na nani leo anafuta pua kwa wiki nyingi?

Usiku tulikula mgahawani. Makaroni yaliyochanganywa na jibini mpaka yanavutika, juu yake vitunguu vya kukaanga, pembeni soseji iliyochemshwa yenye harufu ya kisibiti, na rojo la matofaa ambalo wao hulila pamoja na chumvi yote hiyo bila kuona ajabu. Mwishoni keki ngumu ya asali iliyojazwa lozi, iliyochapwa picha kwa kalibu ya mbao. Wapiga muziki walikaa kona: fidla mbili, selo, besi, na kinanda cha nyuzi 125 kinachopigwa kwa vijiti viwili vyepesi, ndugu ya kanuni ya taarab. Baadaye mtu akaomba mabakuli ya udongo. Wanaume watatu wakatumbukiza kila mmoja sarafu moja ya faranga tano na kulizungusha bakuli mpaka sarafu ikasimama wima na kukimbia ukutani mwake. Kila bakuli lina ukubwa wake, kwa hiyo kila moja lina sauti yake, na juu ya mvumo ule waliimba wimbo usio na neno hata moja.

Stein

Hapa tulipita tu. Katika makumbusho ya kijiji hiki kuna kitanda cha mfumi na mashine ya kudarizi kwa mkono, ile ambayo sindano zake zina ncha mbili na tundu katikati ili zipite kitambaa huku na huko bila kugeuzwa. Mtu mmoja huiongoza kwa kufuatisha mchoro, na sindano zote zinamwiga. Kazi ya kuzitia uzi ilikuwa ya watoto, kabla na baada ya shule. Shemeji alinionyesha pia nyumba za zamani zenye madirisha madogo usawa wa ardhi. Nyuma yake ndimo walimofumia kitani, chini, kwenye unyevu, kwa kuwa uzi mkavu hukatika. Unyevu huo ulioulinda uzi hauwezi kuwa uliwatendea wema wafumaji.

Kijijini hapo pia wanatengeneza jibini mbele ya wageni. Magurudumu yake husuguliwa kwa maji ya mitishamba ambayo siri yake, wanadai, wanaijua watu wawili tu duniani. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi mno hata sikuiamini, lakini jibini halina ubishi.

Urnäsch

Tarehe 13 tulitoka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, theluji ikilia chini ya viatu. Tulipanda hadi nyumbani kwa mama yake shemeji, shamba lenye nyumba na zizi chini ya paa moja. Bibi alikuwa ameshaamka, taa zote zimewashwa, chupa ya divai nyeupe na glasi zenye mirija ziko tayari juu ya meza ya mlangoni. "Karibuni," alituambia, "lakini msikae, wanakuja."

Kengele zilisikika kabla ya taa kuonekana. Mngurumo mzito, kisha mchakacho wa njuga, ukitoka bondeni na kupotea nyuma ya kilima na kurudi ukiwa karibu. Wakatokea kwa safu, mmoja nyuma ya mwingine. Hao wa kwanza ndio wanaoitwa wabaya: miili imefunikwa matawi ya misonobari na majani makavu, vinyago vya kutisha vyenye meno ya ng'ombe. Walirukaruka, wakatikisa kengele walizozivaa mbele na nyuma, wakatufanya tuzibe masikio. Ghafla wakasimama kwa duara, wakatulia, na kutoka ndani ya yale matawi ikapanda sauti moja, kisha nyingine chini yake, kisha zote.

Huo ndio wimbo wao wa Mwaka Mpya. Hauna maneno. Mmoja anaanzisha, wengine wanamshikia chini kwa sauti zilizonyooka, na mwanzilishi anapanda na kushuka koo likivunjika makusudi. Kuna huzuni ndani yake ambayo hailingani na sherehe. Ukiisha, wanarudia kengele; halafu wimbo mwingine. Kisha wanampa mkono kila mtu wa nyumba, hata mgeni kama mimi, wanamtakia mwaka mwema, wanafyonza divai kwa mrija chini ya kinyago, wanapokea fedha, wanaondoka kwa safu ileile kuelekea taa ya jirani.

Bibi hakuwa na haja ya kuona sura. "Huyu ni wa seremala," alininong'oneza baada ya kupeana mkono na wa pili. Aliwatambua kwa viganja.

Wazuri walikuja kulipopambazuka, na hapo nikaelewa kwa nini shemeji alitaka nianze na mafundi. Wazuri ni wanaume wote, lakini wawili huvaa kama wanawake, vinyago vya nyuso laini kama za wanasesere, na kifuani mkanda wa njuga. Vichwani wamebeba kazi ya msimu mzima. Wale "wanawake" wana vilemba vya duara vilivyoshonwa shanga kwa maelfu. "Wanaume" wamebeba kofia pana za bapa, na juu yake dunia ndogo ya mbao iliyochongwa: hapa watu wanachana mbao kwa msumeno, pale mfugaji anakoroga sufuria la jibini, huku harusi inatoka kanisani, ngazi, madirisha, mapazia ya madirisha. Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kuigusa kofia moja. Ndani ya zizi la mbao kulikuwa na ndoo ndogo ya maziwa, na chini ya kitako chake mtu alikuwa amechora ng'ombe.

Kazi hiyo hufanywa tangu vuli, jioni baada ya kukamua, kwenye vyumba ambavyo wake zao huenda wakajua kilichomo, lakini majirani hawajui. Wanaoitenda ni wafugaji, maseremala, madereva. Wanaume wenye mikono ya kushika koleo la kinyesi wanatunga shanga, na hakuna anayewacheka. Kofia haiuzwi.

Wenyeji wengine hupenda kusema kwamba mila hii ni ya kabla ya Ukristo, ya kufukuza pepo wa baridi. Maandishi hayafiki mbali hivyo. Habari yake ya kwanza iliyoandikwa ni ya mwaka 1663, nayo ni malalamiko ya wakuu wa kanisa kuhusu makelele. Tuwashukuru walalamikaji, bila wao tusingejua.

Kundi la tatu, wasio wazuri wala wabaya, lilikuwa limevaa vazi kamili la magamba ya misonobari, gome na maganda ya konokono, kila kitu kutoka msituni, kikipangwa kwa ustadi uleule wa shanga. Kwangu hao ndio waliozidi wote. Shemeji hakubaliani.

Hadi usiku bonde lililia kengele. Makundi yakateremka kijijini na kujaa migahawani, vinyago vikavuliwa, na chini ya kofia za kifahari zikatokea nyuso nyekundu za vijana waliochoka, mabega yamechubuliwa na uzito. Waliendelea kuimba wakiwa wamekaa. Mmoja wao, mkanda wa njuga ukiwa bado kifuani, aliuinua juu ya meza na kumwonyesha shemeji mahali ngozi ilipoanza kukatika. Wakajadili kwa muda mrefu ni fundi gani wa kumpelekea na kama ataumaliza kabla ya Desemba.

Ukitaka kwenda, nenda Januari badala ya Desemba, maana Desemba magari ya watalii ni mengi kuliko ng'ombe. Tarehe 13 ikiangukia Jumapili, sherehe huvutwa nyuma hadi Jumamosi, kwa hiyo angalia kalenda, hii ya Papa. Usibaki kijijini, panda mashambani kungali giza, usimame karibu na mlango wa watu na uwasalimu. Usimvue mtu kinyago, usiulize kofia ni bei gani. Na divai ile ya mrija waachie wenyewe: wao wana mzigo wa kengele wa kuwatuliza, wewe una mteremko wa barafu wa kushuka.